Jani Hufunga Mlango Wake

Mwanamize wa Shumba Viamboni alijulikana kwa kisamvu chake. Katika soko la Konde, wanunuzi walikiulizia kwa jina lake. Kila alfajiri, akishasali, alichukua pakacha na kushuka shambani. Umande ulikuwa bado umejaa kwenye majani. Alichuma tuta kwa tuta, mikono imerowa hadi viwikoni. Hivyo ndivyo mama yake alivyochuma. "Kisamvu cha umande hakinyauki njiani," mama alikuwa akisema, wala usingeweza kumbishia.

Basi mwaka mmoja mihogo ikaanza kuumwa. Majani yalitoka mabaka, kama yaliyolowa maji. Kisha yakanyauka, na mashina yakatoa ulimbo. Mwanamize akazidi kuamka mapema. Alianza na mihogo iliyougua, akavunja majani mabovu na kuyatupa pale pale. Kisha aliingia kwenye mihogo mizima kuchuma ya kupeleka sokoni. Kila alivyohangaika, ndivyo maradhi yalivyoenea.

Sababu hakuitafuta mbali. Wifi yake Siti, dada wa mumewe, alipita shambani siku moja akasema, "Wifi, mihogo imenona hii!" Akaenda zake. Hakusema mashaallah.

"Ana jicho la husuda yule," Mwanamize alimwambia mumewe, Ngwali.

"Dada yangu hana jicho," alijibu Ngwali. "Ana mdomo tu."

Mwanamize hakusikia. Hakumpelekea tena Siti chakula, wala hakumrudishia bakuli lake lililokuwa pale jikoni. Na Siti huyo huyo ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto kila alipojifungua! Hasira, jamani, husahaulisha mengi.

Ngwali alipoona mke anataka kupoteza shamba na wifi kwa pamoja, alikwenda Konde kumwita bibi shamba. Jina lake Kazija. Alifika kwa pikipiki, jua limeshapanda na majani yamekauka.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mwanangu. Lakini umechelewa. Kesho nang'oa yote. Haya si maradhi, haya ni ya ntu."

"Ya mtu gani, Bi Mwanamize?"

Mwanamize akainama, akaanza kung'oa magugu.

Kazija hakumsukuma. Alichagua jani zima, akaligeuza, kisha akatoa mkobani kichupa cha rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, inayong'aa tu.

"Makubwa!" alisema Mwanamize. "Umekuja kujipamba? Maji hayapiti kwenye rangi hiyo, na kutawadha utatawadhaje?"

"Sijipaki mie, Bi Mwanamize. Nakipamba kisamvu. Chenyewe hakitawadhi."

Mwanamize akacheka, na alikuwa hajacheka siku nyingi.

Kazija alipaka rangi upande wa chini wa jani. Ilipokauka, aliibandua kwa utepe wa gundi. Ikatoka ngozi nyembamba iliyochukua sura ya jani. Akaiweka kwenye hadubini ndogo, kifaa cha kukuza vitu visivyoonekana kwa macho.

"Tazama."

Mwanamize alifumba jicho moja, akatazama. Kwanza hakuona kitu. Kisha akashtuka. "Midomo! Jani lina midomo! Midogo, tele!"

"Ni vitundu vya kupumulia. Kila kimoja hufunguka na kujifunga. Sasa, wako vijidudu wadogo kuliko hata vitundu hivyo. Huitwa bakteria. Wengine huleta maradhi. Hupita kwenye vitundu hivi wakaingia ndani."

"Na jani lafanyaje? Halina nkono, halina fimbo."

"Huwatambua. Likiwatambua, hufunga mlango."

"Lenyewe?"

"Lenyewe."

Mwanamize alirudi kwenye hadubini. Safari hii alitazama kwa muda mrefu. "Na wakiwahi kuingia?"

Kazija alimwonyesha jani jingine, lenye doa dogo la kahawia, kavu kabisa. "Hapa waliingia. Jani limejengwa kwa vyumba vidogo vidogo, huitwa seli. Seli zilizo karibu na adui hujiua. Hukauka zenyewe, ili adui akose chakula na akose njia. Kisha habari hupita mwilini mwa mmea, na majani mengine hujiandaa."

"Zajifia, ili nyengine zipone?"

"Ndivyo."

Mwanamize alikaa juu ya tuta. Tangu utoto alikuwa akilima, akichuma na kutwanga, na siku zote aliliona shamba ni mahali pa kimya. Kumbe katika kila jani milango ilikuwa ikifungwa, walinzi wakifa, na habari zikipelekwa. "Subhanallah," alisema. Machozi yalimlenga, wala hakuona haya. Lakini baadaye aliinua kichwa.

"Basi mbona haya yangu yameshindwa?"

"Nionyeshe unavyochuma."

Mwanamize aliinuka. Alivunja jani bovu kwenye mhogo mgonjwa, akalitupa, akauendea mhogo mzima na kuvunja kilele chake. Kazija akamshika mkono taratibu.

"Hapo hapo. Ukivunja, unaacha kidonda. Kidonda hakina mlango wa kufunga. Na mkono huu umetoka wapi?"

Mwanamize aliutazama mkono wake. Ulikuwa na ulimbo wa mhogo mgonjwa.

"Na umande ndio unaowasafirisha," aliendelea Kazija. "Majani yakiwa yamerowa, bakteria hubebwa na maji, na mikono yako huwapeleka tuta zima."

"Yaani jani lilikuwa likifunga milango, na mie nikilitoboa ukuta."

"Hukujua, Bi Mwanamize."

Mwanamize akausugua mkono kwa mchanga, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na ntu asiposema mashaallah?"

"Kusema mashaallah ni vizuri. Lakini maradhi haya hayaji kwa maneno."

Siku ile Ngwali na mkewe waling'oa mihogo iliyougua sana, wakaichoma moto pamoja na majani yaliyotupwa. Kazija aliwaeleza mengine. Wasichume mpaka umande ukauke. Waanze na mihogo mizima. Waoshe mikono kwa sabuni, na panga walipitishe motoni. Tena wasipande vipande vya mihogo iliyougua, kwani maradhi hukaa ndani ya shina.

"Basi mbegu tutapata wapi?" aliuliza Mwanamize.

"Shamba la karibu lenye mihogo mizima ni la nani?"

Ngwali akakohoa. "La Siti."

Kesho yake, umande ulipokauka, Mwanamize alichuma kisamvu kwenye mihogo iliyosalimika. Akakipika kwa nazi, akakijaza kwenye bakuli la Siti, maana bakuli la watu halirudi tupu.

"Kumbe bakuli langu li hai?" alisema Siti mlangoni.

"Wifi, nimekukosea. Nilisema una jicho. Nkono uliokuwa ukiua mihogo ni huu wangu. Nisamehe."

Siti alilifunua bakuli, akalifunika. "Nilisikia. Shumba hapana siri. Nikalia peke yangu."

Mwanamize alisimama pale pale, kichwa chini. Hatimaye Siti alipokea bakuli, akaliweka ndani, akatoka na panga. "Haya, twende ukachague mbegu."

"Ngoja, wifi. Tulipitishe motoni kwanza."

Mvua zikaja, mihogo mipya ikasimama, kijani kibichi. Siti alikuja kuitazama. Alisimama ukingoni mwa shamba, kaziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Mbona husemi kitu?" aliuliza Mwanamize.

"Naogopa mie."

"Sema, wifi yangu. Sema kwa sauti."

"Imenona!" alisema Siti, na kabla hajavuta pumzi wote wawili wakasema pamoja, "Mashaallah!" Wakacheka mpaka wakashikana.

Mwanamize aligeuza jani moja, akamwonyesha doa dogo, kavu. Majani yote ya jirani yalikuwa mazima. "Waona? Hili limepigana, limeshinda."

"Nani kalisaidia?"

"Hakuna. Mie nilingoja tu umande ukauke."

Wakasubiri jua lipande kidogo, ndipo wakaanza kuchuma.