Ukuta wa Pili

Mifupa ilikuwa imeketi. Hilo ndilo lililowakimbiza mafundi, wakatupa sururu na kutoka mbio hadi barabarani. Ukuta wa stoo ulipobomoka, nyuma yake ulitokea ukuta mwingine. Katikati ya kuta hizo mbili mtu alikuwa ameketi, magoti kifuani, kama anayesubiri kuitwa.

Inspekta Evarista aliinama na tochi. Nyumba hii ya Kariakoo ndiyo iliyomlea. Stoo hii ilikuwa chumba chake. Kitanda chake kiliegemezwa kwenye ukuta huu huu, na siku za joto aliuegemea kwa mgongo, kwa kuwa ulikuwa na ubaridi usioelezeka.

Nje, mwenye nyumba mpya, Lalit, alikuwa akijipangusa vumbi.

"Mimi nataka ghorofa tu, Inspekta. Siku hizi ruksa, kila mtu anajenga. Nilinunua kwa marehemu Polycarp."

"Ni baba yangu."

Lalit aliacha kujipangusa. "Siku ile mama yako alilia sana, hataki iuzwe. Tulidhani analilia kumbukumbu."

Daktari wa polisi hakuwa na maneno mengi. "Mwanamke. Umri kama miaka ishirini. Fuvu limepasuka kisogoni. Amekaa humu tangu zamani sana."

Shingoni palikuwa na medali ya Bikira Maria. Nyuma yake mtu alikuwa amekwaruza jina kwa ncha ya msumari: Celina.

Evarista alilijua jina hilo. Celina alikuwa mdogo wake mama. Nyumbani walisema alikwenda Nairobi, mji ukammeza.

Ng'ambo ya mtaa bado aliishi Jasvanti, bibi wa Kihindi aliyekuwa jirani yao toka enzi hizo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Mungu wangu!"

"Ukuta ule alijenga nani?"

"Mama yako, peke yake. Baba yako alikuwa Moshi, msibani. Mchana kutwa nilisikia koleo likikwaruza sakafu. Nikamwuliza, akasema anaziba mashimo ya panya. Harufu ilipoanza, akasema ni panya hao hao wamekufa."

"Na Celina?"

"Eti kaenda Nairobi. Nilishangaa. Mwanamke anamwachaje mtoto anayenyonya?"

"Mtoto gani?"

Jasvanti alimtazama, kisha akaziba mdomo kwa pindo la sari.

"Hawakukwambia?"

Garini, Evarista alimgeukia Sajini Kasmir. "Kesi hii si yangu tena. Mama utamhoji wewe. Mimi nitasimama mlangoni."

Euphrasia, mama yake Evarista, aliwapokea sebuleni kwake Magomeni. Kasmir alimsomea onyo, kwamba halazimiki kusema neno. Akaweka medali mezani.

"Unaitambua?"

Bi kizee aliigusa kwa kidole kimoja. "Nilimnunulia mimi. Siku ya kipaimara."

"Nani alimuua?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Hakumjibu Kasmir. Alimtazama Evarista pale mlangoni.

"Yule kijana aliyempa mimba alimkana. Nikamficha ndani, akajifungua mikononi mwangu. Miaka yangu yote ya ndoa sikuwahi kushika mimba, Eva. Tulikubaliana nikulee mimi. Asubuhi ile akafunga mzigo. Akasema hamwogopi mtu, anarudi kwetu Kibosho na mwanawe. Ulikuwa umelala begani kwake. Nikakuchukua, nikakulaza kitandani. Akanipa mgongo kuokota mzigo wake. Mchi ulikuwa karibu."

Kasmir alisita kuandika. "Mumeo alijua?"

"Alirudi, nikamwambia Celina ametoroka, kaniachia mtoto. Alikuwa fundi mwashi. Matofali na saruji vilikuwa vyake. Aliona ukuta, akaona ulivyopinda, akanyamaza. Hakulala tena chumba kile."

"Lakini mimi ulinilaza mle," alisema Evarista. Sauti yake ilitoka nyembamba, ya kitoto.

"Celina alikuwa akilia mle ukutani. Kila magharibi nilimsikia, kama paka aliyefungiwa nje. Nikasogeza kitanda chako ukutani. Usiku wa kwanza tu, akanyamaza."

Feni ilizunguka darini. Evarista alihisi mgongo wake ukipoa, taratibu, kuanzia kiunoni hadi shingoni.

Kasmir alitoa pingu. Evarista alitikisa kichwa.

"Twende, mama."

Euphrasia aliinua uso. "Bado unaniita mama?"

"Sijui nikuite nani mwingine. Vaa viatu."