Arobaini na Mmoja Wenye Nyota

Jumamosi mchana Immakulata alipozima kompyuta, diski ilikuwa imebakiwa na nafasi ya megabaiti tisa. Aliiandika namba hiyo kwenye daftari lake, kama alivyoagizwa na daktari wa mradi. Jumatatu asubuhi alipoiwasha, zilikuwa zimebaki saba.

Alidhani amekosea kuandika. Lakini Jumanne zilibaki sita na nusu, na Jumatano sita, wakati kazi aliyoingiza siku hizo mbili haikuzidi madodoso manane.

Ilikuwa Aprili ya mwaka 1992, mvua zikinyesha Bukoba nzima. Mradi ulikuwa umepanga nyumba ya zamani pale mtaa wa Bakoba, vyumba vitatu na baraza. Immakulata, mjane wa miaka thelathini na mmoja, aliajiriwa kuingiza majina ya familia zilizopigwa na ugonjwa: nani anaumwa, nani amebaki, watoto wangapi, wanakula nini. Kutokana na orodha hiyo ndipo dawa, sabuni na unga vilipelekwa. Asiyekuwamo hakupelekewa kitu. Ufunguo wa chumba cha kompyuta walikuwa nao watu wawili tu, yeye na Philbert, msimamizi wa wadodosaji.

Kwa hiyo alimshuku Philbert.

Alianza kumtazama tu. Aliangalia anavyofuta matope kwenye buti kabla ya kuingia, anavyoweka madodoso mezani yakiwa yameelekezwa chini, na anavyokwepa kukiangalia kioo cha kompyuta. Ijumaa jioni alibandika uzi mwembamba juu ya mlango. Jumatatu aliukuta uzi uko vilevile, haujakatika, na nafasi imebaki megabaiti nne.

Siku hiyo, saa saba mchana, alikuwa barazani akila ndizi zake alipoisikia diski ikifanya kazi. Krr. Krr-krr. Ndiyo sauti inayotoka mashine inapoandika. Chumbani hamkuwa na mtu. Akasimama polepole, bakuli mkononi, akachungulia. Kioo kilikuwa cheusi, kiti kimesukumwa ndani ya meza kama alivyokiacha, na taa ndogo nyekundu ya diski ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Mle ndani mlinuka samaki wa kukaushwa kwa moshi, harufu nzito ya kambi za visiwani, kana kwamba mtu aliyeshinda kwenye moshi huo amekaa hapo tangu asubuhi.

"Umesikia?" Philbert alikuwa amesimama nyuma yake. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nini, waitu?" alijibu, kwa lile neno la heshima la Kihaya.

"Usinifanye mtoto, Immakulata. Mimi nimeisikia tangu Februari." Aliinyooshea kidole. "Hiyo mashine ina jini. Mwambie fundi aisafishe. Wale wote waliokufa waondolewe kabisa, labda litatulia."

Immakulata akajiuliza kwa nini awataje waliokufa, wakati yeye hakuwa amewataja.

Fundi alikuja Alhamisi kutoka Mwanza, kwa meli. Aliitwa Ishengoma, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alibonyeza kwa muda, akauliza orodha ina familia ngapi.

"Mia tisa na kitu."

"Mia tisa haziwezi kujaza hata robo ya diski hii. Tatizo ni kwamba wewe unawaona walio hai tu." Akamvutia kiti. "Daktari akikwambia fulani amekufa, mfute, unafanya nini?"

"Namfuta."

"Humfuti. Programu hii haimtoi mtu. Inamwekea nyota mbele ya jina na kumficha usimwone. Lakini bado yumo, amekalia mahali pake, yeye na maoni yote yaliyoandikwa chini ya jina lake. Ndiyo maana ukihesabu kwa macho unapata namba moja, na mashine ikihesabu inakupa nyingine. Mashine haidanganyi. Inawahesabu na uliowasahau."

"Na wakitakiwa kutoka kweli?"

"Kuna amri ya kusafisha. Ukiipa, wenye nyota wote wanaondoka na nafasi inarudi. Ila hapo ndiyo basi, huwezi kuwaita tena." Alimwandikia amri mbili kwenye karatasi, ya kuwaona na ya kuwaondoa, akavaa koti. Mlangoni alisita. "Hili faili la maoni ni kubwa mno. Nani huwa anaandika maneno mengi hivi kuhusu maiti?"

Alipoondoka, Immakulata alifunga mlango, akatoa amri ya kwanza.

Wenye nyota walipanda kwenye kioo mmoja mmoja. Wengi aliwakumbuka, kwa kuwa aliwafuta mwenyewe baada ya misa zao: wa Kanazi, wa Kibeta, mwingine alikuwa somo yake. Kisha likaja kundi la arobaini na mmoja, wote wa kambi moja ya wavuvi katika visiwa vya Muleba, wote wamekufa tarehe tisa Desemba. Arobaini na mmoja kwa siku moja, na wote wameripotiwa na Philbert. Alikumbuka alivyolipokea lile bunda la karatasi, siku za kukimbizana kumaliza mwaka, akaziingiza bila kuangalia tarehe.

Akafungua maoni ya mmoja, mvuvi aitwaye Magesa. Aliyotarajia ni mstari mmoja. Alikuta kurasa.

*20 Januari. Yupo. Amekula dagaa. Anakohoa. Aliyemtembelea: mimi.*

*21 Januari. Yupo. Hajala. Aliyemtembelea: mimi.*

Yakaendelea hivyo siku baada ya siku, Februari yote, Machi yote, hadi Aprili, bila kuruka Jumapili wala Ijumaa Kuu, maswali yaleyale ya dodoso yakijibiwa kwa ajili ya mtu ambaye kwa mujibu wa orodha alikuwa kaburini, na alipofungua wa pili akakuta vivyo hivyo, na wa tatu, na wa nne, mpaka akafika kwa mwanamke mmoja Msukuma aitwaye Sayi, mkaushaji wa samaki, ambaye maoni yake yalikuwa mstari mmoja tu, *19 Januari. Amekufa. Hakuna aliyekuja*, na papo hapo, mikono yake ikiwa mapajani, mbali kabisa na vibonyezo, diski ikaanza kukwaruza, krr, krr-krr, na chini ya jina la Magesa herufi zikaanza kujipanga moja moja, bila haraka, tarehe ya siku hiyohiyo, *Yupo. Amekula*, huku moshi wa samaki ukimjaa puani hadi machozi yakamtoka.

Hakukimbia. Alikaa akisubiri sentensi imalizike.

Jioni alimkabili Philbert barazani. "Desemba ulikwenda kisiwani?"

Philbert alitazama mvua. "Nilifika mwaloni, pale zinapoondokea mashua."

"Nimekuuliza kisiwani."

"Mwaka wa sabini na tisa nilikuwa mgambo vitani. Tulivushwa mto na mashua, tukiwa ishirini na sita. Ilipinduka. Tulitoka wanne." Alikuwa akikunja na kukunjua vidole. "Tangu hapo sipandi chombo cha maji. Niliona aibu kusema. Mchuuzi mmoja pale mwaloni aliniambia kambi ile imekwisha, wote wamekufa. Nikaandika."

"Na unga wao? Dawa zao?"

"Nilimwamini yule mchuuzi."

"Ulitaka kumwamini."

Kesho yake Immakulata alifika kazini akakuta Philbert amekwisha kumleta Kashaija, mganga wa kutoka Kanazi, mzee mfupi mwenye mfuko wa ngozi ya kenge. Kashaija alizunguka chumba, akainusa meza, akachoma majani makavu ndani ya kigae. Moshi wa majani na ule wa samaki ikapambana mle chumbani.

"Kipo," alisema. "Kimekaa, kinafanya kazi. Sijapata kuona kinachofanya kazi namna hii. Nani anayekitoa?"

"Wewe, waitu," Philbert alinong'ona.

"Mimi ni mkono tu. Lazima mtu mwenye haja atoe sauti yake."

"Mzee, subiri kwanza," Immakulata alisema. "Huenda—"

Lakini Philbert alikwisha kuushika mkono wa mganga. "Toka," alisema. "Toka humu, uende."

Diski ilikwaruza mara moja, ndefu, kisha ikanyamaza. Harufu ikakatika. Kashaija alikusanya vitu vyake bila kumwangalia mtu. Philbert alipotaka kumrudisha kwa pikipiki, mzee alitikisa kichwa. "Nitatembea. Wewe nenda peke yako."

Philbert alifurahi. Alimtaka Immakulata atoe ile amri ya pili siku hiyohiyo, nafasi irudi na mambo yaishe. Immakulata akamjibu kwamba umeme ni hafifu. Jumatatu, bila kumuaga mtu, alikwenda Muleba, akapanda mtumbwi wa injini pamoja na wachuuzi.

Kambi ilikuwapo. Vibanda vya nyasi, nyavu zilizochanika, watoto wenye nywele nyekundu. Aliita majina kutoka kwenye karatasi yake, na watu walitoka wakiitika. Kufika saa kumi alikuwa amewapata ishirini na tisa wakiwa hai. Kumi na wawili walikuwa wamekufa kweli, lakini si Desemba. Walikufa mmoja mmoja, Januari hadi Machi, wakisubiri mashua ya mradi. Sayi alitangulia.

Magesa alikuwa amelala kwenye mkeka, mifupa mitupu, macho angavu.

"Mmekawia, dada," alisema. "Lakini huyu mwenzenu hakukosa hata siku moja."

"Mwenzetu gani?"

"Anayepita mchana kutuuliza. Nani yupo, nani amekula. Husimama nje ya kibanda, haingii. Ni sauti ya Sayi, kila mtu hapa anaijua. Na ule moshi wake." Alikohoa, akatulia. "Mwanzoni tuliogopa. Baadaye tukawa tunamjibu. Ndiye mgeni pekee tuliyekuwa naye."

"Alikuja leo?"

"Tangu Ijumaa hajaja. Na wale wengine tuliowazika, tuliokuwa tukiwasikia wakimfuata nyuma, nao wameondoka. Tukadhani mmewapa mahali."

Aliporudi Bukoba, Immakulata aliwarudisha wote ishirini na tisa kwenye orodha, akaondoa nyota zao moja moja kwa mkono wake. Daktari alisoma kila kitu na hakuuliza jinsi alivyojua. Wiki hiyohiyo mashua ilipeleka dawa na unga, na Magesa aliishi hadi Agosti. Philbert aliachishwa kazi. Nafasi kwenye diski haikupungua tena ila kwa kazi halali.

Katikati ya Juni Immakulata alitumwa Kibeta kuchukua funguo za pikipiki ya mradi, ambazo Philbert hakuwa amezirudisha. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limetoka. Alimkuta kibanjani, shambani kando ya nyumba yake. Kitanda chake kilikuwa chini ya mibuni, godoro limeloa umande, viti vyote viko nje, sufuria ziko nje. Alikuwa amekonda.

"Funguo ziko ndani, juu ya kabati," alisema. "Sitaingia kukuchukulia."

"Kwa nini?"

"Hakuna pa kukanyaga. Walikuja Ijumaa ile ile ya mganga. Nimewahesabu kwa pumzi zao, ni kumi na wawili." Hakuna aliyekuwa amemtajia idadi hiyo. "Nawaambia watoke. Hawana mahali pengine pa kwenda."

Immakulata alikwenda mlangoni. Chumba kilikuwa kitupu kimefagiliwa, kabati limeegemea ukuta wa mbali, funguo zikimeta juu yake. Akainua mguu kuvuka kizingiti, na mguu haukupata sakafu. Ulikanyaga mguu wa mtu, wa baridi, usio na kiatu. Bega lake likagonga bega. Usoni alipuliziwa pumzi, ya mmoja, kisha ya mwingine, watu waliobanana kama kanisani siku ya Pasaka, wote wamegeukia mlangoni, kimya, wakimwangalia.

"Samahani," alisema.

Kisha akawasikia wakijisukuma nyuma, taratibu, mmoja baada ya mwingine hadi ukutani, wakimpisha mahali pa kusimama.