Renata Hana Chama

"Kwa hiyo kodi yangu mnaitaka, kura yangu hamuitaki," Renata Halusek alisema kwa mara ya pili, na safari hii hata waliokuwa mwisho wa foleni walisikia.

Msimamizi wa kituo, mama wa makamo mwenye sweta la maua, alimjibu kwa upole wa mtu aliyelijibu swali hilo tangu asubuhi. Leo ni mchujo, alimweleza. Wanachama wa chama hiki wanachagua mgombea wao, na wa chama kile wanachagua wao. Asiye na chama asubiri uchaguzi wenyewe, Novemba.

"Novemba nichague nini? Mtaa huu anayepita Mei ndiye huyohuyo wa Novemba. Upande wa pili hawasimamishi hata mtu."

"Najua, mwanangu. Sheria sikuitunga mimi."

Mzee mmoja nyuma yake akamtaka awapishe wenye vyama. Renata akamgeukia, akamuuliza ni chama gani kinacholipia uchaguzi huu, maana yeye alidhani ni walipa kodi wote wa Pennsylvania. Mzee akaangalia viatu vyake. Renata akatoka kwenye ukumbi huo wa kanisa akiwa na nguo zake za bluu za hospitali, nywele amezikaza kwa mpira, mashavu mekundu.

Kwenye ngazi za kanisa alisimama mwanamume mrefu mweusi, suti ya kijivu, tai ya manjano, akigawa kadi za mgombea wa ujaji. Alimnyooshea moja.

"Usipoteze karatasi yako, kaka. Mimi sina chama."

"Nimesikia," alisema. "Barabara nzima imesikia."

Renata alitaka kumkasirikia, akajikuta anacheka. Jina la mwanamume huyo lilikuwa Desmond Mabry, wakili wa wapangaji wanaofukuzwa majumbani. Nusu saa baadaye walikuwa wamekaa dirishani kwenye mkahawa wa Liberty Avenue, mbele ya sahani ya pierogi, kama sambusa laini za viazi, zilizokaangwa kwa siagi na vitunguu, naye akimuuliza kwa nini hajiungi tu na chama, chochote kile, yaishe. Renata akamsimulia. Baba yake alikuwa wa chama kimoja, mama yake wa kingine, na kila Jumapili supu ilipoa wakigombana. Alipofika miaka kumi na minane aliapa kwamba chama hakitakaa mezani pake.

"Basi mimi nimekaa hapa kama nani?"

"Kama mtu mwenye njaa. Kula."

Ndivyo ilivyoanza. Desmond alimpigia simu kila alipotoka zamu, maana Renata alipiga picha za eksirei na zamu zake hazikuwa na mpangilio. Alikuwa akimwita daktari wa mifupa, ingawa hakuwa daktari.

"Leo umeona mifupa ya nani?"

"Ya kila mtu isipokuwa yako."

"Nipangie siku."

"Wanasiasa hawana mifupa, Desmond. Ni ulimi mtupu."

"Mimi si mwanasiasa, laazizi."

Hadi Septemba hakuwa. Kisha mbunge wa jimbo wa upande ule wa Pittsburgh akajiuzulu, ikaitishwa kura ya kujaza nafasi, na katika kura ya namna hiyo hakuna mchujo: kila mtu anapiga, mwenye chama na asiye nacho. Desmond akasimama. Jukwaani alisema waziwazi kwamba akifika bungeni atafungua milango ya mchujo kwa wapiga kura wote. Alisema anamjua mwanamke anayelipa kodi kila mwezi na kila Mei anarudishwa nyumbani kama mtoto aliyechelewa shule. Watu walipiga makofi. Renata, aliyesimama nyuma na mwavuli uliovunjika, alilia.

Oktoba nzima akazunguka nyumba kwa nyumba kwa ajili yake, mvua isimzuie, akiwatafuta watu kama yeye: wauguzi, madereva wa mabasi, vijana waliochoshwa na pande zote mbili. Wengi walikuwa hawajawahi kuombwa kura na mtu yeyote. Hao ndio waliompitisha, na Desmond alilikiri hilo usiku wa ushindi mbele ya kamera. Krismasi akamvisha pete. Harusi ikapangwa Juni, na Bi Ludmila, mama yake Renata, akaanza kazi yake bila kuambiwa. Pittsburgh harusi haihesabiwi harusi bila meza ya biskuti, na biskuti hazinunuliwi. Huokwa na mama, shangazi na majirani miezi kadhaa kabla. Kufikia Februari friji la chini lilikuwa halifungiki.

Februari hiyo ndipo muswada wa kufungua mchujo ulipofika kwenye kamati aliyomo Desmond. Usiku wa kuamkia siku hiyo alipiga simu kutoka Harrisburg, liliko bunge la jimbo.

"Kura yangu ipo, mpenzi. Lala."

Renata hakulala. Alikuwa ameomba ruhusa kazini bila kumwambia. Alfajiri akavaa gauni la sufu la kijani ambalo Desmond alilipenda kuliko mengine yote, akaendesha gari kwenye theluji hadi makao makuu ya jimbo, akapata kiti cha nyuma kabisa kwenye chumba cha kamati. Karani aliita majina. Ndiyo na hapana zilikuwa zimelingana alipofika kwa Mabry.

Desmond alisema kitu huku akitazama karatasi zake, chini chini mno, karani akamwomba arudie.

"Hapana," alirudia, na sauti ikafika hadi nyuma.

Muswada ukafa hapo hapo. Walikutana kwenye korido, yeye akitoka na wenzake wawili waliokuwa wakimpigapiga bega. Aliliona gauni kabla hajauona uso.

"Hukuniambia unakuja."

"Hilo ndilo la kwanza unaloniambia?"

Akamvuta pembeni na maneno yakamtoka mfululizo. Wakubwa wa chama walimwita. Walimwambia akipiga ndiyo watamsimamishia mtu Mei, watamnyima fedha, watamzika. Hana hata nusu mwaka kazini. Mtu akishindwa hawezi kumsaidia yeyote, wapangaji wale atawatetea nani? Renata alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza jambo moja tu.

"Jana usiku, uliponiambia nilale, ulikuwa umeshajua?"

Desmond alisugua paji la uso. "Nilijua."

Ile hapana ya kwenye kamati Renata angeweza kuimeza. Watu huogopa, na mwanamume mwoga si mgeni katika dunia hii. Lakini kumbembeleza alale ili adanganyike vizuri, hilo lilimkaa kooni njia nzima ya kurudi.

Wiki zilizofuata hakupokea simu. Bi Ludmila alimuuliza kama azime oveni. Renata alisema hajui, na huo ndio uliokuwa ukweli, kwa sababu alikuwa bado anampenda na pete haikuwa imetoka kidoleni. Desmond alituma maua, akatuma ujumbe, mwisho akaja mwenyewe hospitalini, akakaa kwenye viti vya wagonjwa jioni nzima akiwa amenyoa ndevu vibaya, tai mkononi. Alisema ameona aibu kuliko siku yoyote maishani. Alisema mchujo ukipita ataurudisha muswada kwa mkono wake mwenyewe. Renata hakumwambia amesamehe. Alimwambia amekonda, akamnunulia supu. Kuanzia hapo simu zikaanza tena, kwanza fupi, kisha ndefu, na Bi Ludmila akaendelea kuoka.

Mapema Mei, Jumatatu, Desmond akaja nyumbani kwa Bi Ludmila bila taarifa. Mama alikuwa anasaga njugu, Renata anakanda unga. Desmond akambusu mama mkwe shavuni, akasifu harufu, akakaa. Goti lake halikutulia.

Mambo yalikuwa mabaya, akaeleza. Wakubwa walikuwa wametimiza ahadi yao, hawakumletea mtu. Ila Lucille Brancato, mwalimu mstaafu asiyetumwa na yeyote, alikuwa amejitokeza mwenyewe, anapita mitaani na kusema kura ya mchujo ni ya kila mtu. Wanachama wanampenda. Desmond alihitaji watu wake wa Oktoba.

"Wale wasio na vyama," Renata alisema.

"Ndiyo. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kujiandikisha. Ukijiunga na chama leo, kwenye mchujo utapiga. Wewe na wenzako wa hospitali. Baadaye mnajitoa, nani atajua? Nifanyie hili, laazizi. Wewe wanakusikiliza."

Mashine ya njugu ikanyamaza. Bi Ludmila hakugeuka.

"Uliwafungia mlango, Desmond. Sasa unataka waingie kwa dirisha."

"Nataka nibaki ili niufungue."

"Na ile supu ya hospitali? Ulikuja kwa ajili yangu, au Lucille alikuwa ameshachukua fomu?"

Alichelewa kujibu. Si sana, kama muda wa kuvuta pumzi, lakini Renata alikuwa ameshajifunza kumsoma.

Akanawa unga mikononi. Akachukua simu, akafungua ukurasa wa uandikishaji wa jimbo, akajaza jina lake, anwani yake, namba ya leseni ya udereva. Kwenye nafasi ya chama akaandika chama cha Desmond. Akabonyeza kutuma mbele ya macho yake, na simu ikathibitisha.

Desmond akafumba macho. "Asante. Mungu akubariki, mpenzi. Sitasahau."

"Hutasahau, kweli. Kura yangu nampigia Lucille."

Akavua pete. Ilikwama kidogo kwenye kifundo, akaizungusha, ikatoka, akamwekea kwenye kiganja na kumfumba vidole juu yake. Desmond alimtazama Bi Ludmila kana kwamba huko kuna msaada. Mama alikuwa anafungua mlango wa nyuma ili joto la oveni litoke, na aliuacha wazi, akisubiri.

Desmond alipokuwa bado anashuka ngazi, Renata alikuwa ameshapiga namba ya kwanza ya wenzake wa hospitali.

"Trish, ni mimi. Leseni yako iko karibu? Ilete, nina jambo na lazima liishe leo."