Jina Alilopewa Mtoto wa Picha

Jumatatu ile mwalimu Notburga alifagia darasa lake la chekechea kule Mshangano, akabandika uji, kisha akatundika kalenda ukutani. Alikuwa jirani yetu, mtu wa rozari, hana makuu. Kalenda aliachiwa na mgeni Mjapani aliyekuja kujitolea. Ilikuwa na picha zilizochorwa huko kwao miaka mia mbili iliyopita, za watoto tu.

Wanafunzi wakaizunguka kama nyuki.

"Mwalimu, huyu dada kambeba mdogo wake mgongoni na bado anaruka!"

"Kama wewe, Leticia."

"Na hawa wanachapa pia izunguke! Yule kapanda mironjo, miguu mirefu ya miti, akianguka meno yote chini!"

Wakacheka. Notburga akawaeleza kama alivyoelezwa na mgeni: vichwa vilinyolewa, kikaachwa kishungi kisogoni, Mungu apate pa kumshikia mtoto akitumbukia majini. Watoto ni watoto, akasema. Hata huko walichezea tope wakachapwa.

Wakaanza kuwapa watoto wa picha majina. Akabaki mmoja, mvulana anayevuta kobe kwa kamba.

"Na wa kobe je, Mwalimu?"

"Saimon," Notburga akasema. Lilimponyoka.

Saimon alikuwa mzaliwa wake wa kwanza. Surua ilimchukua akiwa na miaka mitano. Jina lake lilikuwa limesharithiwa na mjukuu, mtoto wa binti yake Hilda, ambaye asubuhi ile alikaa mkeka wa mbele. Na kwetu jina la marehemu hupewa mtoto mmoja tu. Ukimwita nalo mwingine, marehemu mwenye jina hajui aende kwa yupi. Notburga aliyajua hayo tangu utotoni. Akajiambia ni mambo ya wazee, akaona na haya kujirudi mbele ya watoto.

Kesho yake akaita mahudhurio.

"Saimon."

"Nipo."

Sauti ya mtoto. Ilitoka ukutani.

Mjukuu wake alikuwa amefumba mdomo. "Bibi," akanong'ona, "ameshajibu."

Tangu hapo hakuitika tena. Akiitwa kula, anasema, "Mnamwita yule." Alhamisi miguu ikamlegea. Zahanati walimpima, hawakuona kitu. Hilda akawa analia tu, na Notburga akikaa kimya. Angeanzaje kumwambia binti yake, yeye kiongozi wa jumuiya ya kanisa? Baadaye aliungama kwamba kimya kile kilikuwa dhambi kubwa kuliko ile ya jina.

Jumamosi mchana mama mzazi wa Notburga, Bibi Benigna, alimvuta pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jina la mtoto umelipeleka wapi?"

Notburga akasema yote.

"Lirudishe leo, jua likiwa juu. Mlaze kizingitini, umwite. Akiitika, hilo likaratasi lichome."

Akamlaza. Kalenda mkononi. Akaita. Kimya. Akaita tena. Kimya. Mkono wa mtoto ulikuwa wa baridi.

"Saimon!"

Macho yakafumbuka. "Nipo, mama."

Notburga akapiga kigelegele, machozi yanamtiririka. Akakimbilia jikoni, akaitumbukiza kalenda kwenye makaa. Ilipoungua ilitoa mlio mwembamba, kama kuni mbichi. Mlio ukapanda. Ukakatika. Hakuujali. Alikuwa akimshukuru Mungu.

Mtoto akala bakuli zima la ugali, akaongezwa. Hilda akampeleka kuoga.

"Mama, hebu njoo. Hili kovu gotini kalipata lini?"

Notburga akainama. Kovu la zamani, lenye pembe tatu, kama ncha ya pasi ya mkaa. Alilijua. Jeraha lile alilipaka asali kwa mkono wake mwenyewe, miaka ambayo Hilda hajazaliwa.

Mtoto akamshika shingo, akamsogezea mdomo sikioni. Akamwonyesha Hilda kwa kidole.

"Mama, huyu dada ni nani?"

Notburga aligeuza uso polepole kuelekea jikoni. Akaukumbuka ule mlio, mwembamba kama sauti ya mtoto. Makaa yalikuwa yamezimika. Kalenda yote ilikuwa majivu.