Unga wa Mama Gerson

Gerson alipiga pasi shati lake jeupe, akang'arisha viatu, akakunja kiroba kitupu mpaka kikaenea mfukoni mwa suruali. Nani anakwenda kuomba unga amependeza hivyo? Mwenye haya, ndiye.

Uwanja wa kanisa pale Olasiti ulifurika watu waliofuata unga wa msaada Jumamosi ile. Mvua ziligoma, unga ulipanda bei, na hata ndizi za sadaka, zilizozoea kupigwa mnada baada ya ibada, siku hizi ziliingizwa stoo kwa ajili ya wenye njaa. Kabla Gerson hajafika kwenye foleni, dada mmoja wa kitenge cha njano alimshika mkono.

"Kaka, umekuja kutusaidia, eeh? Asante Yesu! Hebu nibebee gunia hili."

Hapo angesema ukweli. Lakini dada alikuwa na vishimo mashavuni, na Gerson, dereva wa watalii aliyeachishwa kazi, alikuwa hajahitajiwa na mtu siku nyingi.

"Ndiyo," akasema. "Nimekuja kusaidia."

Jioni alirudi nyumbani mikono mitupu. "Unga umeisha, mama," alisema. Mama yake akakoroga uji mwepesi, akampa yeye kikombe kikubwa.

Ikawa hivyo Jumamosi tatu. Tabea, ndilo jina la yule dada, alifanya kazi ofisini Njiro; walipendana upesi, na kila jioni alipiga simu.

"Umekula nini leo, mpenzi?"

"Pilau."

"Pilau tena! Ukinenepa, nani atanibebea magunia?"

"Nitakubeba wewe na magunia yako," Gerson alijibu, tumbo likinguruma.

Jumamosi ya nne, akiwa anapima unga nyuma ya meza, alisikia sauti anayoijua tangu azaliwe. Akachuchumaa nyuma ya magunia. Naam, mtu mzima alijificha.

"Shikamoo mama," Tabea alisema, daftari mbele yake.

"Marahaba mwanangu. Nimeona nije mwenyewe. Kijana wangu anakuja kila Jumamosi, mnamwambia unga umeisha."

"Hapana, mama! Hapa unga haujaisha hata siku moja. Usitusingizie!" Watu waligeuka. Mama akainamisha kichwa. "Jina?"

"Andika Mama Gerson tu."

Kalamu ilisimama. Tabea aligeuka, akamwona mpenzi wake chini, kibaba mkononi, unga usoni. Mama naye alimwona. Alipokea unga wake, akashukuru, akaenda zake.

Gerson alipiga simu mara kumi kabla Tabea hajapokea.

"Ulimlaza mama njaa ili mimi nikuone bwana?"

"Niliona haya, Tabea."

"Basi sasa ona haya vizuri." Akakata.

Mficha uchi hazai. Jumamosi iliyofuata Gerson alipanga foleni na watu walewale aliokuwa akiwapimia, kiroba kitupu mkononi, kila mtu akiona. Zamu yake ilipofika, Tabea hakuinua macho.

"Jina?"

"Gerson. Nimefuata unga wa Mama Gerson. Tuko wawili, na tuna njaa."

Tabea alijaza kiroba, akaongeza chane ya ndizi, kisha akavua aproni.

"Unakwenda wapi?" Gerson aliuliza.

"Kwa mama. Nilimwita mwongo mbele za watu. Unafikiri mwenye aibu ni wewe peke yako?" Alishika pembe moja ya kiroba, akamwachia nyingine. "Twende. Na leo, Gerson, utakula mbele yangu nikikuona."