Kijaluba cha Marehemu Mama

"Umemuona alivyokipindua?" Nusaiba alimnong'oneza bibi yake, mgeni bado anavaa viatu barazani.

"Nimemuona. Kijaluba kwanza, shikamoo baadaye."

Mgeni ni Shahid, mchumba wake, mtoto wa wenye duka la vitambaa hapo Kivinje. Alikuwa na ugonjwa mmoja: kukusanya vijaluba vya kale, vikasha vidogo vya fedha vinavyotiliwa tambuu ya kutafuna, vilivyotengenezwa Uingereza enzi za Malkia Viktoria. Kabati zima. Akishika kimoja, lazima akipindue atazame mihuri ya mtengenezaji chini. Leo bibi kamkaribisha tambuu kwenye kijaluba cha Kiingereza alichoacha marehemu mama yake Nusaiba, na macho yakamtoka.

Kwao Nusaiba, binti huingia kwa mume na kijaluba cha mama yake. Nusaiba akaanza kujiuliza, huyu anaoa mtu au kijaluba? Alimpenda, ndiyo maana ilimuuma. Akakifungia sandukuni, akampigia Shahid simu kwamba shangazi Mwahija wa Mchinga amekichukua, hakirudi.

Shahid hakuhoji. Alisema tu, "Haya, sawa."

Tangu hapo hakuonekana, mpaka ujumbe ukaingia kutoka kwa shangazi:

"Mchumba wako yuko kwangu na begi. Ananidai kijaluba. Kijaluba gani?"

Nusaiba akapiga simu hapo hapo.

"Shangazi, mwambie harusi hakuna. Kakifuata mpaka huko."

"Tulia wewe. Begi limejaa vijaluba vyake. Anasema nivichukue vyote, nikirudishe cha mama yako."

"Si anakitaka mwenyewe?"

"Anasema utachekwa ukiingia kwake mikono mitupu, na mama wa kukusemea huna."

"Mwambie arudi," Nusaiba akasema.

Kesho yake Shahid alifika, vumbi mpaka kwenye kope. Shikamoo aliitoa akiwa bado mlangoni. Bibi akaitikia marahaba. Nusaiba akaenda sandukuni, akarudi, akamkabidhi kijaluba.

"Kilikuwa humu siku zote?"

"Kilikuwa humu. Nilikuwa nakupima."

"Na sasa hivi bado unanipima."

Nusaiba hakukana. Aliitazama tu mikono ya Shahid.

Shahid hakukipindua. Alikifungua, akachungulia ndani.

"Bibi, tambuu imekwisha. Nikakununulie?"

Bibi, ambaye tangu posa alikuwa akimwita mgeni, akajitengeneza mtandio.

"Kanunue, mume wetu. Usichelewe."