Benchi la Nje ya Hekalu

Walikutana kwenye foleni ya duka la soda mjini Provo, Ijumaa mchana, watu wamebanana wakingoja vikombe vyao vya barafu. Bridger alichukua kikombe cha Maren, akapiga funda.

"We kaka, hiyo yangu!"

"Samahani, dada. Ila shira ya nazi imezidi. Nimekuokoa."

"Basi ninunulie nyingine, mwokozi."

Maren, katika gauni lake la maua lililofunika magoti, alicheka mpaka akashika ukuta. Kufika masika walikuwa wachumba, na simu zao haziishi.

Harusi ingekuwa katika hekalu la kanisa lao, ambako ndoa hufungwa iwe ya milele, hata baada ya kufa, na haingii asiye na cheti cha askofu cha kumthibitisha kuwa anastahili. Mzee Niels, baba yake Maren, alinyang'anywa chake. Mwalimu wa vijana kanisani alikuwa amemdhuru mtoto. Askofu akataka yaishe kimyakimya, mzee akaenda polisi, na kwa hilo cheti kikachukuliwa. Basi siku ya harusi angekaa nje, benchini.

Maren naye akaenda kuomba cheti chake kwa askofu yuleyule.

"Unawaunga mkono viongozi wako?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mkweli katika mambo yako yote?"

"Hapana, askofu. Nimekudanganya sasa hivi."

Akatoka mikono mitupu. Bridger, aliyekwisha kupata habari kwa simu, alimsubiri palepale kwenye duka la soda, macho mekundu, amemnunulia kikombe.

"Neno moja tu, mpenzi! Ungesema ndiyo!"

"Nilisema. Likanichoma. Tufunge ndoa uani kwetu, baba anishike mkono."

"Hiyo ni ya mpaka kufa tu. Mama yangu yuko ng'ambo ya kaburi ananingoja, Maren. Nakutaka huko, na yeye, milele."

"Mpaka kufa si haba, Bridger."

Bridger alimpenda, Mungu anajua, na kwa kumpenda huko alilia mbele za watu bila aibu. Lakini kwa ndoa ya uani hakusema ndiyo. Alimsogezea kikombe.

"Sijakionja," alisema.

Maren alivua pete, akaiweka karibu na mkono wa Bridger, akaondoka na kikombe.

Nyumbani alimkuta mzee Niels ananyoosha suti yake ya kijivu, anapiga mluzi.

"Mwanangu, nimeenda kuliangalia lile benchi la nje. Lina kivuli kizuri, na mlango unaonekana. Mkitoka tu, nitakuwa wa kwanza kukuona."

"Zima pasi, baba," Maren alisema, akamwangukia kifuani akalia.